Gauni Lililopigwa Picha Mbele Tu

Jumapili, 4 Agosti 2024

Naanza leo. Naahidi kuandika yote, hata yatakayoniaibisha. Mwalimu Luhende, anayetufundisha Kiswahili, alisema ukilidanganya daftari lako mwenyewe ni bora uandike humo mahitaji ya sokoni. Kwa hiyo sitalidanganya. Mimi ni Rhobi, kidato cha tatu, Musoma mjini, mkubwa wa wasichana wanne. Baba ana bucha. Mama anakaanga samaki mbele ya nyumba – furu, na sangara akipatikana.

Jambo lenyewe: Mama anaolewa! Na Baba!

Baba alimtoa kwao Butiama miaka kumi na saba iliyopita. Ng'ombe wote wa mahari walishafika kwa babu. Lakini kanisani hawakuwahi kufika. Kwa hiyo kila Jumapili watu wakienda kupokea komunyo, Mama anabaki kwenye benchi, anageuza magoti pembeni ili wapite. Leo mtu mmoja alimkanyaga. Mama ndiye aliyesema samahani.

Mwaka jana Baba aliugua sana, akamwapia padri pale kitandani: nikipona, nafunga ndoa. Amepona. Leo padri ametangaza ndoa za pamoja, jozi saba, Jumamosi tarehe 31. Akasoma: Mseti na Dorotea. Mama alinibana kidole mpaka kikauma. Sikukitoa.

Shangazi Bhoke, dada yake Baba, hakupiga makofi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nilikuwa naanua nguo uani. Baba na Shangazi walikuwa upande wa pili wa ukuta, wanakunywa chai. Niliahidi kuandika yote, basi naandika.

Shangazi alisema, ukishavishwa hiyo pete umekwisha. Padri hatakuruhusu tena kuongeza mke. "Mabinti wanne, na mlango unaufunga mwenyewe. Yule msichana wa Bunda niliyekutafutia nimwambieje?"

Baba akasema aliapa.

"Uliapa ukiwa na homa! Mtu mwenye homa anaapaga hata kununua ndege."

Wakacheka. Baba alicheka kuliko Shangazi.

Jioni Baba alimwambia Mama kwamba wenzake wa machinjioni watakuja kanisani. Hataki kusimama na mwanamke aliyejifunga kitenge kama amekuja kuchukua chandarua cha bure. "Ukiwa na gauni, nasimama. Huna gauni, tusisumbuane." Kisha akaomba chumvi.

Anajua Mama hana gauni. Ndiyo maana alisema gauni.

Ijumaa, 9 Agosti

Maduka ya kukodisha magauni hapa mjini – yote yamewahiwa na maharusi wengine sita. Mama alinipa simu yake. "Tafuta wewe. Wewe ndiye unayejua kusoma mambo."

Nimetafuta tangu nilipotoka shule. Halafu nimelipata! Kwenye kundi la kuuza vitu vilivyotumika. Nanakili tangazo hapa nisisahau:

"Gauni la harusi, zuri sana, saizi 16, mikono mirefu ya lesi. Halina dosari hata moja. Sababu ya kuuza: harusi haikufanyika. Nipo Bunda, natuma popote."

Picha moja. Limetundikwa mlangoni, linaonekana mbele. Lesi ina maua madogo madogo kifuani. Mama aliikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza tena, mpaka ua moja likajaa kioo kizima. "Hili," alisema.

Muuzaji anaitwa Dada Matiko. Nilimwandikia kwa adabu. Nilimuuliza maswali matatu: urefu, upana wa kifua, na kama ni jeupe kabisa au rangi ya maziwa. Alijibu yote, akaniita mdogo wangu. Nikamweleza habari ya Mama, miaka kumi na saba, benchi, kila kitu. Kwa furaha tu. Akajibu, hongereni.

Nilimwonea huruma bibi harusi ambaye harusi yake haikufanyika. Nilifikiri ameachwa. Nimemwombea.

Mama ameuza kabati la vyombo kwa jirani. Sahani zetu sasa ziko kwenye beseni sakafuni, zimefunikwa kanga. Amesema hata zinapumua vizuri zaidi.

Jumatano, 14 Agosti

Bado halijatumwa. Dada Matiko anasema basi la Jumamosi. Mama anafanya mazoezi ya kutembea sebuleni na shuka imefungwa kiunoni, inaburuta. Wadogo zangu wanaibeba nyuma. Anasema usicheke Rhobi, nitaanguka mbele ya padri. Yeye mwenyewe anacheka.

Jumamosi, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie stendi.

Tulipokea mzigo saa sita. Mfuko wa nailoni, umefungwa kwa gundi ya karatasi. Mama alikataa kuufungua njiani – vumbi. Aliukumbatia njia nzima kama mtoto anayeumwa. Watu wakiuliza, anasema, ni nguo tu.

Nyumbani tulimkuta Shangazi Bhoke. Hakuna aliyemwita. Tukamwita na Mama Clementi, jirani yetu, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa akina mama wa jumuiya, na Mama alitaka alione wa kwanza. Mama Clementi ni mjane. Mwanamke akifa katika jumuiya yetu, yeye ndiye anayemwosha na kumvalisha. Simwogopi. Ana mikono ya moto na anapenda peremende.

Mama alinawa, akafungua. Lo! Lilikuwa zuri kuliko picha. Alilishika mabegani mwake, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Shangazi akanyamaza kabisa. Nilifurahi aliponyamaza. Hicho nacho nimekiandika.

Halafu Mama akaligeuza.

Mgongo haupo. Limekatwa kutoka shingoni mpaka pindo la chini, moja kwa moja. Si kuchanika – kukatwa, kwa mkasi. Pembeni mwa mkato kumeshonwa vipande vya utepe mweupe, viwili viwili, vya kufungia. Jozi nne.

Nikasema – mimi, mjinga – "Labda ni fasheni, Mama. Siku hizi wanaacha mgongo wazi."

Mama Clementi aliweka kikombe chake chini. "Mama Rhobi," alisema, "liweke hapo kwenye kiti."

"Kuna nini?"

"Liweke kwanza."

Mama hakuliweka. Ndipo Mama Clementi akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Maiti hainyooshi mikono. Huwezi kumvisha gauni kupitia kichwani. Kwa hiyo unalikata nyuma, unamwingiza mikono kwa mbele, unamgeuza ubavu, unafunga utepe, unamlaza. Mbele anaonekana amevaa vizuri. "Mimi mwenyewe nakataga hivihivi."

Mdogo wangu wa mwisho aliuliza, maiti ni nani.

Na Shangazi Bhoke – naliandika kwa sababu niliahidi – Shangazi alipiga vigelegele. Virefu, vya harusi kabisa. Majirani wakachungulia. "Mpokeeni bibi harusi! Wifi, umependeza! Kaburi gani unaolewa nalo?"

Mama alilikunja gauni vizuri, mikono ndani, kama nguo ya dukani. Akaenda kuwasha moto wa samaki.

Baba aliporudi kutoka bucha alishajua. Aliniita mbele ya Shangazi na wateja wawili wa samaki waliokuwa wanasubiri. "Msomi, hebu tusomee lile tangazo."

Nikasoma.

"Rudia pale pa dosari."

"Halina dosari hata moja."

"Sauti."

Nikasema kwa sauti. Mteja mmoja alicheka, mwingine akaangalia miguu yake. Baba akalichukua gauni, akapitisha kidole gumba kwenye ule mkato, toka juu mpaka chini, jinsi anavyopima nyama. "Aliyekata hapa hakuinua mkono," alisema. "Fundi huyo." Kisha akamrushia Mama. "Mimi nilisema gauni. Gauni si hilo?"

Mama hakuniambia neno mpaka tulipokuwa tunaosha sahani. Akasema bila kunitazama: "Uliuliza rangi, Rhobi."

Basi. Afadhali angenipiga.

Jumapili, 18 Agosti

Nimemwandikia Dada Matiko. Kwa adabu. Nimemwambia bidhaa si kama alivyoieleza, naomba aichukue, aturudishie malipo.

Akajibu: "Mdogo wangu, kitu kilichotumika ni kilichotumika. Lina doa? Lina tundu? Ulitaka picha ya mgongo ungeomba."

Nikasema limekatwa!

"Sindano na uzi vinauzwa Musoma."

Nikasema ni gauni la maiti.

Akatuma: "Na huyo mama yako na watoto wanne, shela anavaa ya nini? Ajifunge kitenge."

Mimi ndiye niliyemwambia tuko wanne.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekwenda na Mama kwa fundi wa sokoni. Fundi alilifungua, akaona utepe, akalikunja, akainuka kwenda kunawa. Mama akamwambia tunalipa mara mbili. Akasema hapana mama, hii mashine ndiyo inanilisha.

Shuleni wanajua. Asubuhi niliposimama kuitika jina, mtu nyuma aliimba wimbo wa mazishi kwa pua. Darasa likacheka. Mwalimu Luhende aliuliza kuna nini, nikasema hakuna kitu. Kwa hiyo nimemdanganya Mwalimu Luhende. Daftari sijalidanganya.

Ijumaa, 23 Agosti

Mama alimwendea padri. Padri kasema nguo ni nguo, Mungu anatazama moyo, vaa au usivae, njoo tu. Mama alisema amina. Njiani akaniambia: "Padri hana wifi."

Akamwomba tena Baba, kwa magoti, anaosha miguu yake. Kwamba aende na sare yake ya jumuiya, nyeupe na bluu, ni safi. Baba akasema alishasema. Akauliza maji mbona si ya moto.

Jioni alikuja Mama Clementi. Amesema atalishona mwenyewe, kwa mkono, na ataweka kipande cha lesi mgongoni. Lakini kuna jambo moja, na Mama alilijua kabla halijatamkwa, wote wawili walikuwa wanatazama sakafu.

Amesema mara nyingine gauni linakatwa halafu halitumiki. Ndugu wanaleta jingine, au halimtoshi. "Hilo likibaki ni kitambaa tu. Nitalishona na utalivaa na mimi nitapiga vigelegele. Lakini kama marehemu alivalishwa, hilo ni lake. Hata kama alivaa kwa dakika moja. Sitakushonea, na wewe usiniombe."

Tukalinusa. Linanuka sabuni ya unga. Tukalitazama kwenye jua. Hakuna kitu.

"Rhobi ataniulizia," alisema Mama. Hakusema 'msomi'. Alisema Rhobi.

Nimeuliza. Dada Matiko hajajibu.

Jumatatu, 26 Agosti

Amejibu saa saba mchana, nikiwa shuleni. Nimekuta ujumbe niliporudi. Nanakili wote.

"Ni la mdogo wangu Sara. Alifariki zikiwa zimebaki wiki mbili afunge ndoa. Tulilikata gauni lake tumzike nalo. Wazee wetu wakakataa. Wakasema huyu hajaolewa, hatuwezi kumzika kama mke wa mtu, nani atamlipia mahari? Kazikwa na sketi yake ya kwaya. Gauni limekaa kwangu miezi mitano, kila nikifungua kabati linanitazama. Sikukutania niliposema harusi haikufanyika. Sasa umefurahi?"

Sikufurahi. Nililia mpaka Mama akaja. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena pale pa sketi. Akakaa chini karibu na beseni la sahani.

"Alikuwa na saizi yangu," alisema.

Nimemjibu Dada Matiko, pole sana, na nimesema nitamwombea Sara kwa jina. Nimekwisha kumwombea tangu tarehe 9, ila sikujua jina wala kwamba ameshakufa. Halafu nimeuliza, samahani sana, wazee walikataa kabla hamjamvalisha, au baada?

Alama mbili za bluu. Amesoma.

Jumatano, 28 Agosti

Nimeuliza tena. Amesoma.

Shangazi amehamia kwetu "kusaidia harusi". Amekuja na picha ya yule msichana wa Bunda kwenye simu, anawaonyesha wadogo zangu. Mwoneni mama yenu mdogo. Ana miaka ishirini na mmoja. Mama alikuwa anageuza furu kwenye mafuta. Shangazi akamwambia, "Wifi, Jumamosi wenzako wakipiga picha, wewe utakuwa unakaanga tu. Usijali, tutakuja kula."

Mama akamwekea samaki kwenye sahani. Mkubwa kuliko wote.

Alhamisi, 29 Agosti

Mama Clementi ameanza kushona, hapa kwetu. Alisema hatakuwa na muda akisubiri, na kama jibu likija baya atafumua. Ametoa lesi kwenye pazia lake la sebuleni. Ameshona tangu asubuhi, uzi mfupi mfupi, kimyakimya. Amekata ule utepe wote, akauweka kwenye gazeti.

Sasa mkato hauonekani. Nimelitundika. Ukisimama mbali ni gauni la bibi harusi yeyote.

Mama amekataa kulijaribu mpaka ajue.

Ijumaa, 30 Agosti, saa kumi alasiri

Hakuna jibu. Naandika haraka.

Baba amechukua suti yake kwa dobi. Amenyolewa. Amesema kesho saa tatu yuko kanisani, gauni likiwepo anasimama, lisipokuwepo anakwenda stendi, kuna basi la Bunda saa tano. Shangazi ameshampangia begi. Lipo mlangoni, nimelipita mara mbili nikienda kuchota maji.

Mama ameungama jana. Leo yuko kwa Mama Clementi, anasukwa. Kabla hajatoka aliniita chumbani, akafunga mlango. Akasema: "Mimi simwandikii yule dada. Sitaki hata kuiona simu. Wewe ndiye utakayeniambia. Ukisema hakuvaa, navaa. Sitakuuliza mara mbili, Rhobi. Nitakuamini."

Akanishika shavu. Mikono yake inanuka mafuta ya samaki, hata akinawa na ndimu.

Kwa hiyo iko kwangu. Neno moja. Hakuvaa. Nimelitamka peke yangu hapa chumbani, kuona linavyosikika. Linasikika vizuri. Mama atapita mbele ya ile benchi, ataenda kupokea kama wengine. Msichana wa Bunda atatafuta bucha nyingine. Na mimi ndiye pekee nitakayejua kwamba sikujua.

Lakini kuna kitu. Niliahidi yote.

Mchana nilipokuwa nafagia niliuona ule utepe kwenye gazeti. Vipande vinane. Niliviokota nivitupe. Sita vimenyooka kabisa, kama vilivyotoka dukani. Viwili vina mikunjo katikati, iliyobana, ya fundo. Vimewahi kufungwa pamoja vikakazwa.

Labda Dada Matiko alivifunga alipokuwa anakunja gauni alitie mfukoni. Labda alikuwa anajaribu kama vitashika. Labda walifungia jozi ya kwanza ndipo wazee wakaingia.

Nilivipeleka kwa Mama Clementi. Alikuwa ameshaanza kumsuka Mama, kwa hiyo nilimwonyesha kwa ishara, juu ya kichwa cha Mama. Alivitazama. Akanitazama mimi. Akavichukua, akavitia mfukoni mwake, akaendelea kusuka. "Nenda nyumbani," alisema. "Nenda kapige pasi."

Mama akauliza, nini hicho?

"Uzi," alisema Mama Clementi.

Nimepiga pasi. Gauni liko mlangoni, mbele linanitazama.

Saa kumi na moja na nusu. Nasikia sauti ya Mama kule nje, anacheka na mtu. Anacheka! Shangazi anamwambia umesukwa kama mwali, na Mama anajibu kwa mzaha, ndiyo, mimi ni mwali. Anavua viatu.

Nimeshika simu. Dada Matiko yuko hewani. Imetokea "anaandika". Imepotea. Imetokea tena. Imepotea.

Nimemtumia huu, na ni wa mwisho:

"Dada Matiko, shikamoo. Sikuombi malipo. Sitakuuliza kitu kingine tena maisha yangu yote. Mama yangu yuko mlangoni na ataamini nitakalosema. Nakuomba kwa jina la Sara unijibu sasa hivi, kabla hajaingia: mlimvalisha, au hamkumvalisha?"